Kitenzi "blame" hatua kwa hatua: namna ya kulaumu kwa Kiingereza bila kumhukumu mtu

Sentensi iliyonilazimisha kukaa chini na kitenzi hiki ilikuwa na maneno saba tu: "The captain was blamed for the accident." Niliitafsiri haraka haraka, huku kazi nyingine ikinisubiri, nikaandika: "Nahodha ndiye aliyesababisha ajali." Mhariri akanirudishia na alama ya kuuliza pembeni. Nilibisha kidogo, maana neno lenyewe niliona ni la wanaoanza. Halafu nikaisoma tena polepole. Kiingereza hakikusema nahodha amesababisha kitu. Kilisema wapo watu waliomtupia lawama. Pengine walikuwa na haki, pengine hawakuwa nayo. Sentensi yenyewe imenyamaza. Mimi kwa kalamu moja nilikuwa nimeshakata shauri.

Wengi wetu tunaijua "blame" nusu. Tunaielewa tukiisikia, ila tukiitumia wenyewe tunakosea kihusishi, tunaichanganya na "accuse", au tunamtia mtu hatiani bila kukusudia. Twende hatua kwa hatua. Nitakaa zaidi pale penye mitego.

Hatua ya kwanza: usiisome kama "laumu" na kuishia hapo

Kamusi itakupa "laumu", na haikudanganyi. Tatizo ni kwamba laumu yetu imebeba mambo mawili. La kwanza ni kusema fulani ndiye chanzo cha jambo baya. La pili ni lile la ndugu kwa ndugu: "Shangazi ananilaumu, eti nimemtupa." Hapo hakuna ajali wala hasara. Kuna mtu aliyeumia moyo, naye anakuletea manung'uniko yake. "Blame" inalijua lile la kwanza tu. Ukisema "My aunt blames me that I don't visit her", umekosea mara mbili, kwa sarufi na kwa maana. Kiingereza cha kawaida hapo ni "My aunt complains that I never visit her". Ukitaka neno lenye uchungu zaidi, lipo "reproach": "She reproached me for never visiting her."

Kwa hiyo kila unapokutana na "blame", tafuta vitu viwili: jambo baya lililotokea, na mtu au kitu kinachotajwa kuwa chanzo chake. Kitenzi ni kamba inayoviunganisha. Kimojawapo kikikosekana, basi ama kimeshatajwa juu kidogo, ama neno hilo halipo mahali pake.

Ukishalishika hilo, mambo mengine yanajipanga yenyewe. Kwanza, "blame" si lazima itamkwe mdomoni. "She blamed me" haimaanishi alinigombeza. Huenda hakufungua kinywa, alilaumu kimoyomoyo tu. Kugombeza ni "scold" au, kwa lugha ya kila siku, "tell off". Pili, unaweza kulaumu kitu kisicho na roho: mvua, waya, betri, ratiba. "I blame the battery" ni sentensi safi kabisa. Sisi hapo kwa kawaida hatusemi "nailaumu betri" isipokuwa kwa utani. Tunasema "tatizo ni betri" au "betri ndiyo iliyoniponza". Tatu, kitenzi chenyewe hakisemi kama lawama ni ya haki. Kiswahili kina "singizia" kwa lawama ya uongo. Kiingereza hakina kitenzi kimoja chepesi cha namna hiyo kwa matumizi ya kila siku, hivyo husaidiwa na vielezi: "wrongly blamed", "unfairly blamed". Ukiona "blame" peke yake, usiitafsiri kuwa kusingizia, wala usiitafsiri kuwa kubaini ukweli.

Kwa wapenda asili ya maneno: "blame" iliingia Kiingereza kutoka Kifaransa cha kale, nacho kiliipata katika Kilatini, nacho katika Kigiriki. Ni neno lile lile lililozaa "blaspheme", yaani kukufuru. Njia mbili za mzizi mmoja. Moja ikabaki na Mungu, nyingine ikaangukia betri.

Hatua ya pili: matamshi na maumbo

Hapa ni haraka. Neno lina silabi moja, linafanana mwishoni na "name" na "game". Herufi "e" ya mwisho haisikiki. "Blamed" nayo ni silabi moja, usiseme "blei-med". Maumbo yake ni ya kawaida: blame, blames, blamed, blaming. Kabla ya "-ing" ile "e" inaondoka. Basi.

Hatua ya tatu: chagua utakayeanza naye, mtu au balaa

Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapojikwaa, na kosa lenyewe halitokani na uvivu. Kiswahili hutupa njia moja iliyonyooka: namlaumu mtu, kwa jambo fulani. Kiingereza kina njia mbili, na ya pili inageuza kila kitu miguu juu kichwa chini.

Njia ya kwanza: mtu anakuja mara baada ya kitenzi, kisha "for", kisha balaa.

"They blamed the driver for the delay."

Njia ya pili: balaa linakuja mara baada ya kitenzi, kisha "on", kisha mtu.

"They blamed the delay on the driver."

Maana ni moja: walimtupia dereva lawama za ucheleweshaji. Kinachobadilika ni kile unachotaka msomaji abaki nacho, kwa kuwa Kiingereza hupenda kuweka uzito mwishoni mwa sentensi. Ya kwanza inajibu swali "dereva alifanywa nini?" Ya pili inajibu "ucheleweshaji ulitoka kwa nani?" Ukiandika ripoti ambayo tayari inazungumzia ucheleweshaji, ya pili itateleza vizuri zaidi.

Njia ya kukumbuka ninayowapa wanaoniuliza ni hii: "on" ina maana ya juu ya kitu, na lawama ni mzigo. Mzigo unatuliwa juu ya mtu. Basi baada ya "on" hukaa mbebaji, siku zote. Baada ya "for" hukaa sababu ya kubebeshwa. Ukiandika "They blamed the driver on the delay", umembebesha ucheleweshaji mzigo unaoitwa dereva. Itasomeka kama kichekesho.

Wapo walimu wa shule ya zamani walioikataa njia ya pili na kusema si Kiingereza cha watu wa adabu. Wapuuze. Inatumika kila mahali, magazetini na vitabuni.

Baada ya "for" ukitaka kuweka tendo, tumia umbo la "-ing": "He blamed me for losing the key." Jambo likiwa la zamani sana kuliko lawama yenyewe unaweza kusema "for having lost", lakini mazungumzo ya kila siku hayana haja ya urefu huo. Likiwa ni tendo lisilofanyika, "not" inatangulia: "She blamed herself for not calling earlier", yaani alijilaumu kwa kutopiga simu mapema.

Makosa matatu ninayoyaona kila mara katika maandishi ya Waswahili, na yote yana mantiki ya kwetu. "He blamed me that I lost the key" limetoka kwenye "alinilaumu kwamba nimepoteza". "Blame" haipokei "that" namna hiyo. "He blamed me to lose the key" limetoka kwenye "kunilaumu kupoteza", na halikubaliki pia. La tatu ni "He blamed it to me", ambalo chanzo chake ni "alinitupia": kauli yetu ya kutendea inatuvuta kwenye "to". Kiingereza kinataka "on".

Kauli ya kutendwa inafuata njia zile zile mbili. "The driver was blamed for the delay" na "The delay was blamed on the driver." Ile ya pili vyombo vya habari huipenda mno, kwa sababu inamwezesha mwandishi kutaja chanzo bila kumtaja anayelaumu. "The fire was blamed on a faulty wire." Nani alilaumu? Haijulikani. Ukiwa msomaji, jiulize swali hilo. Ukiwa mfasiri, usilijibu kwa niaba ya mwandishi. Andika "moto huo unadaiwa kusababishwa na hitilafu ya waya" au "waya mbovu ulitajwa kuwa chanzo". Hizo "unadaiwa" na "ulitajwa" ndizo zinazobeba ule umbali ulio ndani ya "blamed".

Hatua ya nne: "to blame", kichaka chenye nyoka

Sasa linganisha hizi mbili, uzisome kwa sauti:

"The captain was blamed for the accident."

"The captain was to blame for the accident."

Tofauti ni neno moja dogo na herufi moja. Lakini ya kwanza inasimulia walichosema watu, na ya pili inatoa hukumu. "Was to blame" maana yake kosa lilikuwa lake kweli. Anayesema hivyo ameweka jina lake chini ya maneno hayo. Tafsiri yangu ile mbaya ingekuwa karibu na sahihi kama sentensi ingekuwa hii ya pili. Unaweza hata kuziweka pamoja bila kujipinga: "The captain was blamed, but he was not to blame." Alilaumiwa, lakini kosa halikuwa lake.

Umbo hili linachanganya kwa sababu linaonekana kama tendo la kutenda, ilhali maana yake ni ya kutendwa. "Who is to blame?" halimaanishi "nani alaumu?" bali "nani wa kulaumiwa?" Bahati nzuri sisi tuna ile "wa ku-" inayokaribiana nayo sana. Wengine hujaribu kunyoosha mambo kwa kusema "Who is to be blamed?" Si kosa la sarufi, ila linasikika zito, kama lugha ya hati. Zoea "to blame".

Kiwango cha kosa huwekwa mbele yake: "partly to blame" ni ana sehemu yake ya kosa, "largely to blame" ni kwa kiasi kikubwa ni yeye, "entirely to blame" ni yeye mtupu. Katika barua za kazini hiyo "partly" imeokoa mahusiano mengi.

Na nyoka mwenyewe huyu hapa. "You are not to blame" ni maneno ya faraja: kosa si lako. Ongeza neno moja tu, "You are not to blame him", na imekuwa amri: usithubutu kumlaumu. Kwa nini? Kwa sababu kitenzi kimepata mtu wa kupokea tendo, na hapo "are to" inarudi kwenye kazi yake ya kutoa agizo, kama katika "You are to report at eight." Kanuni ni hii: "to blame" ikisimama bila yambwa, yaani bila mpokea tendo baada yake, inazungumzia mwenye kosa. Ikifuatwa na yambwa, isome upya kwa makini.

Kinyume chake, "I have only myself to blame" ina mtu, lakini mtu huyo amekaa kabla ya "to blame". Maana yake: sina wa kumlaumu ila nafsi yangu. Ukimwambia mwenzio "You have only yourself to blame", umemwambia kwa Kiingereza kile ambacho wahenga wetu walisema vizuri zaidi: mwiba wa kujidunga hauambiwi pole. Ni maneno makali. Usimwambie mtu aliye kwenye majonzi.

Hatua ya tano: "blame" ikiwa nomino

Lawama zetu zinahesabika. Tunasema lawama nyingi, lawama mbili tatu, lawama kutoka kila upande. "Blame" ya Kiingereza haihesabiki. Ni kama maji au mchanga. Hakuna "a blame", na "I received many blames" inamchoma sikio kila mzawa wa lugha. Sema "I got a lot of blame" au, kwa wepesi zaidi, "I got the blame."

Hii "the" ni ya kuzingatia. Kiingereza huiona lawama ya tukio fulani kama mzigo mmoja unaojulikana, nao lazima uwe kwa mtu fulani. Ndiyo maana vitenzi vinavyoandamana nao ni vya kubeba na kutua. Unautua kwa mtu: "put", "lay" au "place the blame on someone". Ukiwa na nia ya kumbana mtu mmoja, "pin the blame on". Unaubeba mwenyewe: "take the blame", na kwa lugha ya heshima zaidi "accept" au "shoulder the blame". Unaugawana: "share the blame". Na ule mchezo wa kutupiana mpira, Kiingereza husema "shift the blame onto someone else".

Angalia "take the blame" kwa jicho la pili. Mtu anaweza kuubeba mzigo usio wake, kama kaka mkubwa anayesema "ni mimi" kumkinga mdogo wake. "He took the blame for his brother" haisemi alikosa. Inasema alijitwika.

Hatua ya sita: majirani wanaofanana naye

"Accuse" ndiye anayechanganywa zaidi. Mwanaisimu wa Marekani, Charles Fillmore, mwishoni mwa miaka ya 1960 alivichambua vitenzi vya namna hii kwa kuuliza swali zuri: kitenzi kinasema nini, na kinachukulia nini kuwa kimeshajulikana? Ukitumia njia hiyo, mambo yanakaa sawa. "Blame" huchukulia kwamba jambo baya limeshatokea. Kinachotafutwa ni mwenyewe. "Accuse" inaweza kuwa ndiyo kwanza inadai kwamba jambo lilitokea. Ukisema "They blamed her for the theft", wizi upo, hakuna anayebisha. Ukisema "They accused her of theft", huenda hakuna kilichoibwa kabisa. Huo ndio upande wa "tuhumu" wetu.

"Accuse" hutaka mtu, au kitu kinachofanya mambo kama mtu, mfano kampuni au serikali. Huwezi kuituhumu mvua. Na kihusishi chake ni "of", si "for" wala "on": "accused of lying."

"Charge" kwa maana hii ni ya polisi na mahakama, na huenda na "with": "charged with theft", yaani ameshtakiwa kwa wizi. Mahakama ikimkuta na hatia, ni "convicted of". Usiandike "charged" kwa sababu tu majirani wamemnyooshea mtu kidole.

"Criticise" ni kukosoa. Fillmore alionyesha kwamba hiki kinakwenda upande wa pili: mtendaji anajulikana tayari, kinachodaiwa ni kwamba alichofanya ni kibaya. "They criticised him for resigning": kwamba alijiuzulu ni wazi, wanasema hakufanya vyema.

Kuna pia "fault", na hapa nina ushauri wa moja kwa moja. Mazungumzoni, unapotaka kukiri kosa, usihangaike na "I am to blame". Sema "It's my fault." Ndivyo watu wanavyosema. "I am to blame" ina harufu ya hotuba. "I blame myself" ni kitu kingine tena: ni majuto ya ndani, mtu asiyelala usiku. Ukivunja kikombe cha mwenyeji wako ukasema "I blame myself", atadhani kuna msiba.

Hatua ya saba: misemo isiyotafsirika neno kwa neno

"I don't blame you" si msamaha. Ni kusema: hata mimi ningefanya vivyo hivyo. Mtu akikueleza kwamba ameacha kazi yenye mateso, ukamjibu "I don't blame you", umemuunga mkono. "Sikulaumu" yetu hufanya kazi hiyo hiyo, kwa hiyo hapa tuko salama. Vivyo hivyo "Who can blame her?", ambalo si swali, ni sawa na "hata ungekuwa wewe!"

"Don't blame me if it breaks" ni onyo: kikivunjika, usije ukanilaumu. Na ile methali ya Kiingereza, "A bad workman blames his tools", inakaa jirani kabisa na yetu: mchagua jembe si mkulima.

Hatua ya nane: jaribu mwenyewe

Chukua barua pepe hii fupi ya kazini, ambayo imekusanya makosa karibu yote tuliyoyapitia: "The client blamed me that the report was late and gave me many blames. But I am not to blame the delay. They should blame it to the printer. I was accused for laziness."

Anza na sentensi ya kwanza. "That" inaondoka, inaingia "for", na "many blames" inakatwa kabisa kwa sababu inarudia jambo lile lile: "The client blamed me for the late report." Ya pili ilikusudia kusema kosa si langu, lakini mwandishi ameweka yambwa baada ya "to blame", ikawa kama amepigwa marufuku kuulaumu ucheleweshaji. Rudisha "for": "But I was not to blame for the delay." Ya tatu inataka mbebaji baada ya "on", na mbebaji ni mashine ya kuchapia: "The delay should be blamed on the printer." Ila ningeilegeza zaidi, kwani mteja aliyekasirika hapendi kuambiwa afanye nini, na "printer" kwa Kiingereza inaweza pia kuwa mtu mwenye kazi ya uchapaji: "The delay was caused by a fault in the printing machine." Hapo "blame" imetoka kabisa, na barua imepoa. Ya nne ni kihusishi tu: "I was accused of laziness." Kama ningekuwa mimi, sentensi hiyo ya mwisho nisingeituma.